Kamashine ka laki 3 na 80, Dell OptiPlex 3050 Micro, ndo seva yetu ya nyumbani, miezi saba sasa kwenye kabati la TV huku Sakina, Arusha

Basi bwana nianze na LUKU maana ndo ilianzisha yote. Mwaka jana nilikua na lile CPU langu la zamani, lile kubwa la mezani, nikaligeuza seva, yani kompyuta ya kutunzia mafaili ya nyumba nzima, nikaliacha linawaka usiku na mchana pale koridoni, mi najiona mjanja. Mwezi wa pili mama watoto akanifata jioni kashika simu ina meseji ya tokeni akaniuliza, "Baba Junior, kuna mtu anachomelea vyuma humu ndani usiku?" Sikua na jibu. Nikaenda kununua kale kamita ka kuchomeka kwenye soketi, nikapima, CPU likiwa limekaa tu halifanyi chochote linakula wati 60.

Sa piga hesabu. Wati 60 mara saa 24 mara siku 30 ni uniti 43 na ushee kwa mwezi. Sisi tupo tarifu 1, elfu kumi inatupa uniti 28 na kitu, yani uniti moja kama shilingi 356, kwaiyo lile CPU lilikua linakunywa elfu 15 na mia tatu na kitu kila mwezi likiwa limelala. Na kama wewe upo tarifu 4, ile ya uniti 75 kwa 9,150, usithubutu kabisa, maana uniti 43 zimeshaenda hujawasha hata taa, ukizoea kuvuka 75 wanakutoa huko afu kurudi ni mlolongo mwingine.

Ndo nikaanza kutafuta kitu kidogo. Kazi yenyewe haikua kubwa: picha za simu za nyumba nzima zikae sehemu moja, DVD za kwaya na za kipaimara ambazo zimeanza kukwaruza ziingie kwenye diski kabla hazijafa, na watoto waangalie katuni zao kwenye TV bila kugusa bando. (Muvi unazitoa wapi ni kesi yako na dhamiri yako, mi hapa naongelea mashine.)

Raspberry Pi 4 niliwahi kua nayo, kwa mafaili tu iko poa na umeme inaramba kidogo sana, ila ukianza kuongeza chaja yake, boksi lake, memori kadi, adapta ya diski, unakuta umekaribia bei ya kompyuta nzima, na memori kadi zikifa huwa haziagi. Vile viboksi vya kutunzia mafaili vya Synology na wenzake ni vizuri mtu asikudanganye, ila bei yake hata diski moja hujaweka bado, nikaachana navyo. Nilichokua nakitamani kweli ni vikompyuta vya prosesa ya N100, Intel wameitoa 2023, wati 6 kwenye karatasi, na vingi vinatumia volti 12 kwaiyo mwenye sola na betri anaweza kukilisha moja kwa moja akiweka kidhibiti cha volti hapo katikati. Ila kipindi kile maduka yote niliyozunguka hapa mjini sikukuta, ni vya kuagiza tu, na mi kitu cha umeme lazima nikishike kwanza.

Nikaangukia Dell OptiPlex 3050 Micro, mtumba wa Ulaya, i5-7500T, ramu GB 8, SSD (diski ya chipu, haizunguki) ya M.2 ya GB 256. Kanazidi sahani ya chai kidogo tu na unene ni kama vidole viwili. Ile T ya mwisho usiipuuze, prosesa ya T kikomo chake kimewekwa wati 35, isiyo na T ni 65.

Duka liko mitaa ya Mnara wa Saa. Jamaa alinisukumia kwanza yenye i5-6500T, elfu 40 chini, "arifu ni kitu kile kile, tofauti namba tu." Sio kitu kile kile. Video nyingi za siku hizi zenye ubora mkubwa zimebanwa kwa mtindo wa HEVC wa biti 10, na kwa Intel kizazi cha 7 ndo kilianza kuifungua yote kwenye chipu ya picha yenyewe, cha 6 kikikutana nayo kinaitupia prosesa, prosesa inaanza kuhema, feni inapiga mluzi na video inakata. Kwa elfu 40 usijitese. Ila jamaa nimpe haki yake, aliniruhusu niwashe na flash yangu yenye Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux, akanivutia kiti cha plastiki nikakaa kama dakika ishirini naangalia afya ya SSD na kila tundu la USB, hajanuna wala hajaniuliza "unachukua au huchukui". Kaanzia laki 4 na 20 tukamalizana laki 3 na 80 na chaja yake ya wati 65 ndani.

Chaja. Hapo ndo kosa la kwanza na ni la ubahili wangu mwenyewe. Wiki ya pili mtoto kaimwagia uji, ikafa, nikaenda kuokota ya elfu 15 nikijua volti zikifanana basi. Kumbe hizi chaja zina kasindano kembamba katikati kanakoiambia mashine mi ni nani na nina wati ngapi, mashine isipoitambua inajipunguza spidi inaenda kama ya 2005, na mbaya zaidi ikiwaka inasimama kwenye skrini ya onyo inasubiri mtu abonyeze kitufe. Seva haina kibodi wala skrini, nani abonyeze? Umeme ukikatika na kurudi yenyewe imeganda hapo mpaka nirudi kazini. Nikatafuta orijino ya mtumba elfu 45, ugonjwa ukaisha. Kwaiyo ukinunua hizi mashine hakikisha chaja ni yake kabisa, sio ya kufanana.

Diski sasa, na hapa sitaji duka wala mtaa. Nilichukua ya TB 4, ile kubwa ya inchi 3.5 yenye boksi na adapta yake, ikiwa kwenye nailoni, imeandikwa mpya, laki 3 na 40. Nikafika nyumbani nikachomeka nikapiga smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, kamstari ka Power_On_Hours, masaa ambayo diski imeshawaka, kakasoma 31,412. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia. 31,412! Gawanya kwa 24 ni siku 1,308, yani hiyo diski ilishawaka miaka mitatu na nusu mahali fulani duniani kabla ya kuja kuvalishwa nailoni. Kesho yake nikarudi na laptop nikamwekea mezani.

"Mkuu hiyo namba ni ya kiwandani, huwa wanaipima kwanza."

"Wanaipima miaka mitatu na nusu?"

"Sa kaka kwani haifanyi kazi?"

Tukazozana pale mpaka wateja wengine wakaanza kusogea kusikiliza, hapo ndo akalegea, akanibadilishia nyingine ila kwa kuongeza elfu 20, sijui ya nini, nikatoa ili yaishe. Hiyo ya pili niliipima palepale dukani, masaa 2. Kwaiyo diski isitoke dukani kabla hujaona masaa, nenda na laptop, muuzaji akikataa na wewe kataa. Na tena pitisha macho kwenye sekta zilizohamishwa, yani vipande vibovu ambavyo diski imeshavikimbia, Reallocated_Sector_Ct, iwe 0, ikiwa na namba yoyote mwachie mwenyewe.

Kingine cha diski: nyingi za kubebeka, zile za inchi 2.5 za TB nyingi, zinaandika kwa mtindo wa SMR, njia zinapandiana kama mabati juu ya paa, kwaiyo ukitaka kurekebisha bati la chini lazima uguse na la juu. Ukimimina mafaili makubwa inaanza kwa kasi afu katikati inadorora mpaka unadhani imekufa. Kwa kuhifadhi na kuangalia muvi haina shida, ila usizipange kwenye RAID au ZFS, ile mifumo ya kuunganisha diski kadhaa zilindane, ukategemea usalama. Na zile nene za milimita 15 usinunue ukidhani utazipachika ndani ya hii mashine, tundu lake la ndani ni la diski nyembamba, mi nimeweka ya TB 1 iliyotoka kwenye laptop, elfu 60, na hiyo kazi yake ni moja tu, kila saa 8 usiku rsync inanakili picha zote kutoka diski kubwa. Muvi sina bakapu nazo, zikiondoka zimeondoka.

Mtandao wa ndani ulinipotezea wikiendi nzima. Nakopi GB 500 kutoka lile CPU naona MB 11 kwa sekunde, yani masaa 12, nikalaumu diski, nikalaumu Debian, kumbe matundu ya ruta niliyopewa na kampuni ya intaneti ni ya megabiti 100. Nikanunua swichi, kiboksi cha kugawa mtandao kwa waya, ya gigabiti ya matundu matano elfu 45. Bado 11. Nikaanza kuongea peke yangu. Kuja kukata kichwa cha kebo aliyoivuta fundi toka sebuleni, kabana waya nne tu kati ya nane, maana kwa megabiti 100 nne zinatosha na yeye alishapima ikawaka taa ya kijani akachukua hela yake akasepa. Nikabana upya zote nane, ikaruka mpaka MB 108. Chalii yangu nilipiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafunga goli.

Kwenye programu sikuhangaika sana. Debian 12, juu yake OpenMediaVault 7 ya kuendeshea mafolda na paswedi kupitia brauza, na Jellyfin ya video. Jellyfin ilizaliwa mwishoni mwa 2018 pale Emby, programu nyingine ya video, walipofunga msimbo wao, watu wakachukua toleo la mwisho la wazi wakaliendeleza wenyewe, kwaiyo ni bure yote mpaka ile sehemu ya kugeuza video kwa chipu ambayo Plex, mpinzani wao, wanailipisha. Ila kwangu kilichoniamulia sio hata hela, ni kwamba Jellyfin haimuulizi mtu yeyote wa nje ruhusa ya kufungua. Bando likiisha tarehe 27 watoto wanaendelea na katuni kama kawaida, hawajui hata kama intaneti imekata.

TV yetu ni ya Android, programu ya Jellyfin ipo kwenye duka lake, unaandika anwani ya seva mara moja basi. Faili ambalo TV inalielewa linatumwa kama lilivyo, kamita kanasoma wati 17, mashine iko kimya huwezi jua inafanya kazi. Shida inaanza mtu akifungua kwa simu iliyopo chumbani kwenye waifai hafifu, au faili lina sabutaito za aina ya picha, zile zilizotoka kwenye Blu-ray, hapo seva inalazimika kuzichora juu ya video na kugeuza kila kitu papo kwa papo, inapanda mpaka wati 29 na kafeni kanaanza kulia. Za maandishi ya kawaida, SRT, hazina neno. Nimeijaribu mpaka mwisho wake: faili moja la 4K na mengine mawili ya kawaida yakigeuzwa kwa pamoja inaenda, la nne linaanza kuzunguka kaduara. AV1, mtindo mpya zaidi wa kubana video, haiwezi kuifungua kwa chipu, N100 inaweza, hapo imeachwa. Na ukiweka Jellyfin usisahau kuingia kwenye mipangilio kuwasha QuickSync, ndo hiyo kazi ya video kwa chipu ya Intel, na kutiki HEVC ya biti 10, usipotiki unakua umelipa ile elfu 40 bure.

DVD za kwaya zilichukua muda kuliko mashine yenyewe, ila jioni niliyoweka ya kwanza mama watoto aliacha jiko na kitunguu kikaungua, kwenye safu ya nyuma alikuepo marehemu baba mkwe anaimba besi kafumba macho. Tangu siku hiyo sijasikia tena neno kuhusu uniti.

Ambazo kwa kweli zimeshuka. Kwa mwezi inazunguka wastani wa wati 16 pamoja na diski kubwa, ni uniti 11 na nusu, elfu 4 na mia moja. Nimeokoa kama elfu 11 kila mwezi ukilinganisha na lile CPU, kwaiyo mashine itajilipa kama baada ya miaka mitatu hivi, sio kesho.

Umeme kukatika ndo mtihani wenyewe na hapa nawasihi msiruke. Nimeweka UPS ya 650VA, laki 1 na 40, ndani ina betri ya volti 12, Ah 7, ikibeba seva, ruta na swichi nimepima inanipa saa moja na dakika ishirini. Ila hizi za bei hii nyingi hazina waya wa kuiambia kompyuta kwamba umeme umekata, zinapiga mlio tu piii piii, na seva haina masikio. Nikafanya hivi: ka-ruta ka zamani nimekachomeka ukutani moja kwa moja nje ya UPS, na seva kila dakika inakaita, kakikaa dakika 30 hakaitiki seva inaelewa umeme haupo inajizima kistaarabu. Kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla haijawaka, kuna kipengele kinaitwa AC Recovery, nimekiweka Power On ili umeme ukirudi iwake yenyewe. Uzuri wote huo, afu kuna tundu: kama seva imejizima dakika ya 30 na umeme ukarudi dakika ya 40, UPS haikuzimika kabisa, kwaiyo mashine haijawahi kuona umeme umeondoka, inabaki imezima. Nililala siku mbili nikidhani imeungua. Dawa nimeipata humohumo kwenye bayosi, Auto On Time kila siku saa 11 alfajiri, ikiwa imezima itawaka, ikiwa inawaka haina habari.

Joto na vumbi kidogo. Sakina kiangazi vumbi linaingia hata kwenye sukari, kila baada ya miezi miwili naifungua napuliza, skrubu moja tu. Mwanzoni nilifunga mlango wa kabati la TV, diski ikafika digrii 51, nikatoa ule ubao wa nyuma wa kabati ikashuka 41 na haijapanda tena. Kero yangu iliyobaki ni diski ya USB yenyewe, waya wake ukiguswa na anayefuta vumbi diski inapotea katikati ya muvi, nimeufunga na zipu tai kwenye mguu wa kabati lakini bado huwa naangalia kwa wasiwasi kila Jumamosi asubuhi.

Kwa ujumla imenitoka milioni moja na elfu 45, na humo mashine ni laki 3 na 80 tu, zilizobaki zimeenda kwenye diski, chaja, UPS na swichi, kwaiyo ukisikia mtu anajisifu kapata seva kwa laki 3 muulize diski iko wapi. Mashine naipa 8 kwa 10. Duka la Mnara wa Saa naipa 9, moja nimekata kwa ile "tofauti namba tu". Duka la diski wanajijua.

Bakapu ya nje ya nyumba nayo ipo, maana RAID au kunakili kwenye diski nyingine ndani ya nyumba hiyohiyo hakukusaidii siku mwizi akipita na kabati zima. Nina diski ya kubebeka ya TB 2 niliyokua nayo toka zamani, naijaza picha na zile DVD, naifunga kwa paswedi, afu Desemba tukipanda Moshi kama Wachaga wengine wote naiacha kwa mama, Pasaka naenda na nyingine, ile ya Desemba naileta. Mwaka huu nimemkuta kaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, kaifunika na kitambaa cha kudarizi pamoja na vile vikombe ambavyo toka nimezaliwa sijawahi kunywea, na dada yangu ananiambia mwezi wa pili fundi wa TV alikuja akataka kuisogeza apitishe waya, mama akamwambia hiyo usiguse, hiyo ni intaneti ya Arusha.